Posa ya Ujiji na Swichi Iliyoungua

Tangu nirudi, kila nikipita kijiweni pale Kanyenye lazima mtu anyanyue kikombe cha kahawa aniulize, "Idi, bibi harusi umemficha wapi?" Mwingine ananiuliza kama gari limepona. Nimechoka kuisimulia hii habari vipandevipande, huyu nimpe mwanzo, yule nimpe mwisho, halafu mnakutana mnaunganisha na kutia chumvi yenu. Kwa hiyo nimeiandika yote mara moja. Isomeni, mpeane, kisha mniache niendelee na biashara yangu ya asali.

Kwa asiyemjua Zaituni, ni yule mama wa dagaa na mawese aliyekuwa akija na mizigo yake kutoka Kigoma na kufikia kwa dada yake, mtaa wa nyuma yetu. Mimi nina miaka arobaini na moja, yeye thelathini na nne, na kila mmoja wetu alishawahi kuwa na ndoa ikavunjika. Hatukuwa watoto. Tulielewana sisi wawili kwanza, ndipo akamwambia baba yake, Mzee Shabani wa Ujiji, kwamba kuna mtu wa Tabora ataleta barua ya posa. Shida ni kwamba barua nyingine ilikuwa imeshafika pale nyumbani, ya mfanyabiashara mmoja wa Kasulu aliyefiwa na mke. Zaituni alimkatalia baba yake mwezi mzima. Mwishowe mzee akasema: sawa, watu wako waje Jumamosi hii, nami nitawaita wazee wa ukoo wakae baada ya swala ya alasiri. Jua likizama hawajabisha hodi, nitaijibu barua niliyonayo.

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Jumamosi, kabla jua halijazama. Mengine yote mtakayosoma humu ni njia tu.

Tabora hadi Urambo

Mshenga wangu alikuwa Baba mdogo Hamisi, mdogo wake marehemu baba. Posa zote za ukoo wetu amezipeleka yeye, na hakuna hata moja iliyorudishwa, jambo ambalo atakuambia kabla hujamaliza kumwamkia. Shangazi alishauri aende na mtu wa pili. Akakataa. "Tukienda wawili maneno nayo yatakuwa mawili," akasema. Basi tukawa yeye na mimi dereva, maana pikapu yangu haikubali mkono wa mtu mwingine. Mimi nilitakiwa nisubiri barabarani wakati yeye anaongea ndani, kama desturi inavyotaka.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, tukiwa na muda wa kumwaga. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu yake. Nyuma tulifunga ndoo ya asali ya kupeleka ukweni, na katikati yetu kulikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Wiki moja kabla nilikuwa nimefunga taa kali, balbu zile zinazomulika mpaka unaona macho ya sungura kule mbele. Pikapu ni kuukuu, mnaijua, nikasema angalau ionekane ya mtu anayekwenda kuoa. Nusu saa ya kwanza nilikuwa najisifu. "Unaona, Baba mdogo? Mchana mtupu!" Naye anatafuna michembe na kuitikia kwa kichwa.

Kisha taa zikazima. Hazikufifia, jamani, zilizima kabisa, nami niko mwendo wa sabini. Taa ndogo zikabaki, za dashibodi zikabaki, ila mbele pakawa giza kama kaniki.

"Yarabi! Umezima nini?"

"Sijazima kitu!"

Nikaugonga ule mkono wa taa kando ya usukani, zikarudi. Tukaenda kama dakika kumi, zikazima tena. Nikagonga, zikarudi. Mara ya tatu zilizima, na ziliporudi tukajikuta uso kwa uso na mtu wa baiskeli aliyepakia magunia ya mkaa, anatutukana kwa Kinyamwezi matusi ambayo nilikuwa sijayasikia tangu bibi afariki.

"Simama," Baba mdogo akasema. "Tumetoka kwenda Ujiji, hatujatoka kwenda akhera."

Tukasimama pembeni kungoja kupambazuke. Tulisali palepale juu ya turubai. Alipomaliza akaanza hadithi yake ya siku zote, ya babu wa babu yetu aliyekuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu begani kwenye njia hiihii ya misafara. "Wametembea kwa miguu," akasema, "na taa hawakuwa nazo." Nikamjibu moyoni kwamba hata miadi ya alasiri hawakuwa nayo. Kwa mdomo nilisema tu, "Ndiyo, Baba mdogo." Mtaona nililisema neno hilo mara nyingi sana siku ile.

Urambo, kwa fundi wa kwanza

Tukiingia Urambo askari wa barabarani akatusimamisha. Alikuwa mpole. "Washa taa, mzee wangu." Nikawasha, hazikuwaka, na safari hii hata kugonga hakukusaidia. Akasema nitengeneze ndipo niendelee. Hapo sina la kumlaumu, mtu alikuwa anafanya kazi yake.

Wakatuelekeza kwa fundi mmoja wanayemwita Chapu, yaani mtu wa harakaharaka. Jina hilo ameligeuza sifa, na bila shaka alijipa mwenyewe. Nikamweleza vizuri, taratibu, kama unavyomweleza daktari: zilikuwa zinazima zenyewe, nikigonga mkono zinarudi, sasa hazirudi tena.

"Bosi, usijali, hiyo ni balbu."

Akatoa balbu. Nzima. Akaziangalia juani, akazirudisha. Akaenda kunywa chai. Nasi tukaenda kunywa chai, ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, na nilipomaliza kikombe cha pili yeye alikuwa bado anaongea mpira na watu wa bodaboda. Aliporudi akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja, akaninyooshea, uso unang'aa. "Si unaona? Imekatika. Nilikuambia ni fyuzi."

"Uliniambia ni balbu."

"Bosi, umeme una mambo mengi."

Hakuwa na fyuzi ya kipimo kile. Akachukua kipande cha waya wa shaba, akakikunja, akakichomeka mahali pa fyuzi. Nilikiona kwa macho yangu haya mawili. Taa zikawaka, kali, nzuri. "Hii haikati mpaka Kigoma," akasema. "Na usizizime. Nenda nazo zinawaka mchana huu, ujionee mwenyewe." Nikampa mkono na kumshukuru. Naandika hili nikiuma meno. Nilimshukuru!

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nikatoa simu nimwambie Zaituni kwamba tumechelewa kidogo. Baba mdogo akauweka mkono wake juu ya simu, polepole, kama unavyomzuia mtoto asishike jiko.

"Unampigia nani?"

"Zaituni. Ajue tu."

"Muda tunao. Unataka aanze kuhangaika kwa nini?"

Muda kweli tulikuwa nao. Nikairudisha mfukoni.

Ng'ambo ya Kaliua

Kaliua tuliipita bila kusimama. Barabara ikaingia porini, miombo kushoto na kulia, mizinga ya nyuki juu ya miti, na mimi nikaanza kuhesabu saa kwa furaha. Kama nusu saa kabla ya Nguruka Baba mdogo akanusa.

"Nani anapika huku?"

Hakuna aliyekuwa anapika. Harufu ilikuwa ya plastiki, na ilitoka kwenye usukani wangu. Kisha ukaja moshi, mweupe kwanza, halafu mweusi. Nikageuza mkono wa taa kuzima, taa zikakataa kuzima. Nikageuza ufunguo, bado zinawaka. Nikasimama, nikaruka, nikafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa kitambaa, vidole vinaungua. Baba mdogo alikuwa ameshashuka zamani, amesimama ng'ambo ya barabara na barua yake kifuani.

Moshi ulipoisha nikarudisha waya wa betri kidogo kujaribu. Nikageuza ufunguo, gari halikutikisika hata kidogo. Nilipiga teke tairi. Nikalipiga tena. Nilitamani Chapu awe pale.

Simu haikuwa na mtandao. Tulikaa mpaka karibu saa saba ndipo lori likaja, la kubebea chumvi, linarudi tupu Uvinza. Dereva alikuwa mtu wa kulekule, sauti kama anaita ng'ambo ya mto. Alipoambiwa tunakwenda Ujiji kwenye posa alicheka kwa furaha.

"Ingieni kwangu! Gari tuliache kwa fundi Nguruka. Saa kumi mimi niko Uvinza, na pale gari za Kigoma hazikosekani. Kabla ya magharibi mko ukweni mnakula!"

Nikaanza kufungua kamba za ndoo ya asali. Nilishaipakata kabisa. Baba mdogo hakuwa amesogea. Alikuwa anakitazama kiti cha lori, kimejaa vumbi jeupe la chumvi, kisha akaitazama kanzu yake.

"Atuvute tu mpaka Nguruka," akasema. "Tutengeneze, twende na chombo chetu."

"Baba mdogo, saa hizi—"

"Mshenga ashuke kwenye lori la chumvi? Kanzu imepauka, ndoo mkononi? Watasema ukoo wetu umeishiwa. Mtoto wao watampa nani?"

Dereva wa lori akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri niseme neno, na mimi ndiye niliyekuwa naoa. Nikasema, "Ndiyo, Baba mdogo," nikairudisha ndoo. Akatufunga kamba, akatuvuta. Njia nzima nilikuwa nashika usukani unaonuka, nikitazama mgongo wa lori ambalo lilikuwa linakwenda mahali nilipotaka kwenda.

Nguruka, tulipopewa pole

Fundi Elia wa Nguruka ni mtu wa makamo, Mmoraviani, anaimba nyimbo za kanisani kwa pua akiwa anafanya kazi. Hakuniambia "usijali." Aliniambia, "Nielezee tangu mwanzo," kisha akanisikiliza, mpaka kwenye mtu wa mkaa. Nilipofika kwenye waya wa shaba akafumba macho.

Akafungua kifuniko cha plastiki chini ya usukani. Ana kibalbu chake kidogo chenye nyaya mbili. Moja akaibana kwenye bodi ya gari, nyingine akaanza kuigusisha hapa na pale baada ya kuunga betri kwa fyuzi ya kweli. "Tazama. Umeme unaoingia kwenye swichi ya taa upo." Kibalbu kikawaka. Akagusa upande wa pili. "Unaotoka, hakuna." Akachukua kipande cha waya, akairuka swichi, akaunganisha unaoingia na unaotoka. Taa za mbele zikawaka. Akakitoa, zikazima. "Balbu nzima. Nyaya za mbele nzima. Mgonjwa ni huyu hapa katikati."

Akafungua nati ya usukani, akaweka alama kwa chaki ili aurudishe vilevile, akautoa, akaing'oa swichi. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka kama ubani. Akanionyesha vyuma vidogo vya ndani, vimeungua vyeusi.

"Hii haikuungua leo. Imeanza kuungua siku nyingi kidogo. Ikipata moto inaachia, ikipoa inashika, ndiyo maana ukigonga inarudi. Ilipozidi, fyuzi ikajikata kukuokoa. Halafu mtu akaweka waya, kukawa hakuna cha kukata tena. Moto ukatafuna mpaka nyaya za kuwashia gari." Akaenda mbele, akaangalia balbu zangu. "Na hizi nani kazifunga?"

"Mimi."

"Bila rilei?"

Fundi wangu wa Tabora aliniuliza swali hilohilo. Turudi kesho tuweke na rilei, alisema, ibebe huo mzigo, swichi hii ni ya balbu za kawaida. Nikamwambia sina muda. Kwa hiyo msimcheke Chapu peke yake huko kijiweni. Aliyeiunguza swichi ni mimi, kwa sababu nilitaka kung'aa.

"Bila rilei," nikasema.

Fundi Elia hakunisema. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na pikapu iliyokufa, ndugu wa yangu, akaenda kuifungua swichi yake. Akasema itachukua muda, kwa sababu nyaya zilizoungua lazima azibadilishe moja moja. "Saa kumi na moja, Mungu akipenda. Sitaki ukaungulie njiani."

Ilikuwa saa nane na robo. Mabasi ya Kigoma yalikuwa yameshapita.

Tukaenda kwa mama ntilie wa jirani. Mama yule alitutazama, wanaume wawili wenye kanzu, nyuso zimekunjamana, gari lao limekufa, akaweka mkono kifuani. "Poleni sana, baba zangu. Mnakwenda kuzika wapi?"

Nikafungua mdomo kumsahihisha. Baba mdogo akawahi. "Tumeshapoa, mama. Ujiji."

Akatuletea ugali wa muhogo na samaki wa Malagarasi, vipande vikubwa, akaongeza na mchuzi bila kuombwa kwa sababu wafiwa, alisema, wanajisahau kula. Kila aliyeingia akaambiwa, akaja kutupa mkono. Mzee mmoja aliniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nilitazama sahani yangu, naye akanipigapiga bega.

"Kwa nini umewaacha waamini hivyo?" nikamuuliza Baba mdogo kwa sauti ya chini.

"Ulitaka niwaambie nini? Kwamba nimebeba posa na nimekwama Nguruka na gari bovu? Habari zinatangulia, Idi."

"Basi na sisi tutangulize habari. Mtandao upo hapa. Tumpigie Mzee Shabani, tumwambie gari limeharibika, tunakuja."

Akaacha kula. Hakukasirika, na hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi. Alinifundisha kwa upole, kama mtu anayemkabidhi mwanawe kitu cha thamani.

"Sikiliza. Ukweni hakupigwi simu kabla hodi haijaitikiwa. Mimi na yule mzee hatujajuana. Nikimpigia, nimejifanya tumeshakuwa ndugu. Na neno langu la kwanza kwake liwe udhuru? Posa inayoanza kwa udhuru haina uzito. Tutafika, tutabisha hodi, nitaeleza mwenyewe, uso kwa uso. Mtu mzima ataelewa."

"Basi nimpigie Zaituni."

"Ukimpigia yeye utakuwa umeposa mwenyewe. Mimi nimekuja kufanya nini?"

Saa tisa na dakika chache simu yangu ikaita, juu ya meza, kati ya samaki na sahani ya pilipili. Jina lilikuwa lake. Sote wawili tukalisoma. Baba mdogo aliendelea tu kunitazama. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Mama ntilie akasema, "Pokea baba, labda ni wa msibani." Nikaigeuza, kioo kikaangalia chini, mpaka ikanyamaza.

Haikuita tena.

Mnaniuliza nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kwamba nikipokea nitamvunjia heshima mtu aliyenilea baba alipofariki. Nilikuwa nawaza kwamba yeye ndiye anayejua mambo haya, na posa zote alizopeleka zilijibiwa. Nilikuwa nawaza kwamba Mzee Shabani ataelewa. Mtu mzima mwenzenu ninayekaribia mvi, nimekaa na simu yangu chini ya kiganja changu, naogopa macho ya baba yangu mdogo. Hasira yangu mpaka leo haijapata mahali pa kukaa. Nikimkasirikia yeye, narudi kwangu.

Fundi Elia alimaliza saa kumi na moja kasoro. Akaweka balbu za kawaida, akaweka fyuzi ya kweli, akawasha, akazima, akawasha, akazima, akaziacha zikiwaka muda mrefu huku ameweka kiganja kwenye swichi kusikilizia joto lake. "Imetulia," akasema. Zile taa zangu kali akanifungia kwenye gazeti. Nilizitupa darajani, Malagarasi.

Ujiji, saa mbili usiku

Jua lilituzamia tukiwa tumeshaipita Uvinza. Lilikuwa mbele yetu kabisa, na nililitazama likizama lote. Baba mdogo alikuwa anapitia maneno yake ya kubishia hodi. Taa nikaziwasha, zikawaka, zikamulika njia vizuri mpaka mlangoni kwa watu.

Barazani kwa Mzee Shabani mikeka ilikuwa bado haijakunjwa, na vikombe vya kahawa vilikuwa bado chini. Watu hawakuwapo. Mzee mwenyewe alitoka na kofia mkononi, mrefu, mwembamba, akatukaribisha wote wawili ndani. Nilipojaribu kubaki garini kama desturi, akasema, "Njoo tu, kijana. Hapa leo hakuna tena cha kungojea nje." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kwa lile neno lake la "hakuna tena" nikajua palepale kwamba tumeshachelewa.

Baba mdogo alieleza. Alieleza vizuri, sina ubishi, ana kipaji. Giza la alfajiri, fundi wa Urambo, moshi, lori, fundi wa Nguruka, swichi. Mzee Shabani alisikiliza mpaka mwisho.

"Poleni. Gari ni chuma." Akaiweka kofia yake magotini. "Nguruka siku hizi hakuna mtandao?"

"Upo, mzee mwenzangu. Ila tuliona si adabu kukupigia kabla ya hodi."

"Adabu," mzee akasema. Alilisema kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. "Wazee sita wamekaa hapa tangu alasiri wanaitazama barabara. Mmoja nilimtoa Kasulu, ana miguu mibovu. Kila gari likipita tunanyanyuka. Magharibi walipoadhini wakaniuliza, 'Shabani, wageni wako wako wapi?' Sikuwa na la kuwaambia. Mngenitumia neno moja, gari limekufa, ningewaambia walale hapahapa, tungekaa kesho. Nilikuwa na vitanda. Binti yangu alikuwa ameshavitandika."

Baba mdogo alitoa barua mfukoni. Aliishika mbele yake kwa mikono miwili. Mzee hakunyoosha mkono.

"Wale wa barua ya Kasulu tumeshawakubalia," akasema. "Wazee walikuwa hapa, ikabidi tumalize. Tuliwapigia simu baada ya swala."

Kisha akaita chakula. Wali, samaki migebuka wa kukaanga kwa mawese, kachumbari iliyokwisha kunyauka. Kilikuwa chakula chetu, kimepikwa tangu mchana, kwa ajili yetu, kimepashwa moto. Ningemshukuru sana kama angetufukuza. Tukala, kwa sababu kutokula kungekuwa tusi, na Baba mdogo alikuwa ameshawatusi watu wale vya kutosha kwa siku moja. Aliishiwa nguvu kwenye tonge la tatu. Machozi yalimtoka yule mtu, mimi nikajifanya natoa mwiba.

Ujiji, asubuhi

Tulilala kwenye vile vitanda. Baada ya alfajiri nikatoka kwenda kuangalia maji ya gari, nikamkuta Zaituni uani anafagia. Hakuwa amelia, au kama alilia alikuwa ameshanawa uso.

"Umelala?" akaniuliza.

"Sijalala. Zai, gari liliungua. Swichi ya taa—"

"Najua. Baba ameniambia yote. Gari kuharibika nimeelewa, Idi. Hata wazee wangeelewa." Akauegemeza ufagio ukutani. "Nilijifungia chooni kukupigia. Nyumba imejaa watu, shangazi wananitafuta. Nikapiga mara mbili. Baba alikuwa ameniuliza, 'Wako wazima hao watu? Wanakuja?' Nilitaka kumjibu tu."

"Baba mdogo alikuwa pale. Asingependa."

Sikuiona hasira usoni mwake, na ningeitaka.

"Kwani nilikuwa naolewa na baba yako mdogo?"

Msinipe jibu la kwenu. Nilisema jina lake mara moja. Akachukua ufagio wake, akafagia mpaka karibu na miguu yangu, akasimama.

"Sogeza gari," akasema. "Umeziba mlango, na wageni wa Kasulu wamesema wanafika saa nne."

Nikalisogeza.